Madaraka yasiyoelekea uhuru: nani hasa anatawala Saint Helena

Tanganyika ilikaa na serikali ya madaraka kwa miezi saba na siku chache tu, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 9 Desemba 1961. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963 na bendera ikapanda tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Zanzibar ilianza tarehe 24 Juni 1963, ikafika uhuru tarehe 10 Desemba. Kwetu, basi, neno madaraka limebaki na maana ya daraja: unalikanyaga ili uvuke. Ndiyo sababu wengi hutatizika wakisikia kwamba kuna visiwa vyenye waziri kiongozi, baraza la kutunga sheria, katiba na bajeti, ilhali mkuu wa nchi ni Mfalme wa Uingereza, gavana hutumwa kutoka London, na hakuna anayehesabu siku za kushusha bendera.

Visiwa vya namna hiyo rasmi huitwa maeneo ya ng'ambo ya Uingereza. Hakuna viwili vinavyotawaliwa sawasawa, kwa hiyo ni afadhali kushika kimoja na kukifungua kifundo kwa kifundo. Saint Helena inafaa, kwa kuwa mabadiliko yake makubwa ya katiba ni ya juzi tu na hati zake zinasomeka wazi.

Kisiwa chenyewe kiko kusini mwa Bahari ya Atlantiki, kama kilomita 1,900 magharibi mwa pwani ambako Angola inapakana na Namibia. Kina kilomita za mraba 122 hivi na watu wapatao 4,400. Jamestown, mji wake mkuu, umebanwa ndani ya bonde jembamba kati ya magenge mawili. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana kumbukumbu nacho: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili mwezi Agosti 1896 kabla ya manowari za Kiingereza kuliangusha jumba lake kwa mizinga, alikamatwa na Waingereza mwaka 1917, akapelekwa Saint Helena, kisha Seychelles, na mwishowe akaruhusiwa kuishi Mombasa alikofariki mwaka 1927. Kabla yake walipita Napoleon, aliyefia huko mwaka 1821, na Dinuzulu wa Wazulu, aliyezuiliwa kati ya 1890 na 1897. Habari za wafungwa hawa zinajulikana dunia nzima. Habari za wenyeji waliokuwa wakiwatazama wakishuka gatini hazijulikani, na wao ndio wenye katiba tunayoizungumzia.

Karatasi iliyo juu ya katiba

Katiba ya sasa ya Saint Helena ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2009. Haikupitishwa na wananchi kwa kura, wala na baraza lao la kutunga sheria. Ni kiambatisho cha hati iitwayo Amri ya Mfalme katika Baraza. Hati ya namna hiyo huandikwa na wanasheria wa serikali ya Uingereza, huidhinishwa na Mfalme (wakati ule Malkia Elizabeth II) mbele ya wajumbe wachache wa Baraza lake, kisha huwekwa mezani Bungeni London. Mfalme hapingi wala hajadili, maana anaidhinisha kile ambacho mawaziri wake wamemshauri. Kwa hiyo ukitaka kumjua mwenye kalamu, mtazame Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza.

Na Mfalme anapata wapi uwezo wa kutoa amri hiyo? Kwa Saint Helena, uwezo unatoka katika kifungu cha 112 cha sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1833. Tangu walowezi wa kwanza walipotua mwaka 1659, kisiwa kilikuwa mali ya Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki. Sheria ile ya 1833 ikakitoa mikononi mwa Kampuni, na tarehe 22 Aprili 1834 kikawa chini ya Taji, yaani serikali ya Mfalme yenyewe. Mabadiliko hayo yaliwaumiza wakazi. Kampuni ilikuwa ikitumia fedha nyingi pale kwa ajili ya meli zake, Taji likapunguza watu na mishahara, na wengi wakahamia Rasi ya Tumaini Jema. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia iliyoleta meli zaidi Aden, Zanzibar na Mombasa ndiyo hiyohiyo iliyoziondoa Jamestown.

Hapa pana tofauti ya msingi na historia yetu, nayo inafaa kushikwa vizuri. Zanzibar ilikuwa nchi ya hifadhi: kulikuwa na Sultani na mikataba, na Mwingereza alilazimika angalau kuisingizia mikataba hiyo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, hata Nyerere akaweza kwenda New York mwaka 1955 kuieleza dunia habari za nchi yake. Saint Helena haikuwa na watu kabla ya Wazungu kufika, kwa hiyo hapakuwa na mtawala wa kuwekeana naye mkataba. Hakuna hati iliyotangulia ambayo wenyeji wanaweza kuirudia na kusema, hapa ndipo mlipokiuka. Mamlaka yote yalianzia London, na yanayofika kisiwani yamekasimiwa.

Ukipanga ngazi za sheria kutoka juu kwenda chini, utaanza na sheria za Bunge la Uingereza, ufuate Amri za Mfalme katika Baraza pamoja na katiba iliyomo ndani yake, kisha odinansi zinazopitishwa kisiwani, na mwisho kanuni ndogondogo. Sheria zao bado huitwa odinansi, jina lilelile lililotumika Kenya na Tanganyika kabla ya uhuru. Kuna kosa moja ambalo watu hulifanya sana: kudhani kwamba kila sheria inayopitishwa London inafika Jamestown yenyewe. Haifiki. Saint Helena si sehemu ya Uingereza kama ilivyo Wales au Scotland, na sheria ya Bunge huko haifanyi kazi mpaka itamke hivyo au ipelekwe kwa Amri. Lakini ikishatamka, odinansi inayopingana nayo haina nguvu; hilo liliwekwa na sheria ya mwaka 1865 iliyohusu makoloni yote.

Kwa kuwa madaraka yanatolewa kwa Amri, yanaweza kuondolewa kwa Amri. Tarehe 14 Agosti 2009, wiki mbili na ushee kabla ya katiba mpya ya Saint Helena kuanza, London ilisimamisha baraza la mawaziri na bunge la visiwa vya Turks na Caicos baada ya uchunguzi wa Sir Robin Auld kukuta dalili za rushwa. Gavana akatawala peke yake mpaka uchaguzi wa Novemba 2012. Mwaka 2022, tume ya jaji Sir Gary Hickinbottom ilipendekeza Visiwa vya Virgin vya Uingereza vifanyiwe vivyo hivyo kwa miaka miwili. Safari hii London haikuvisimamisha. Iliafikiana na serikali ya huko ratiba ya marekebisho, ikaiweka Amri tayari ili itumike endapo ahadi zisingetekelezwa. Kwa maoni yangu mfano wa pili unafundisha zaidi kuliko wa kwanza. Amri ambayo haijatumika, lakini imeshaandikwa na ipo mezani, inatawala kila kikao cha baraza la mawaziri.

Legico ya watu kumi na wawili

Baraza la kutunga sheria la Saint Helena kwa kifupi wanaliita Legico, kama wazee wetu walivyoliita lile la Nairobi na la Dar es Salaam. Lina wajumbe 12 wa kuchaguliwa, Spika na naibu wake, na Mwanasheria Mkuu ambaye huketi bila kupiga kura. Kisiwa kizima ni jimbo moja. Mpiga kura hachagui mbunge wake mmoja, bali anaruhusiwa kuweka alama kwa wagombea hadi 12, na wenye kura nyingi zaidi ndio wanaoingia. Hakuna vyama vya siasa vinavyofanya kazi. Mgombea hujulikana kwa jina lake, ukoo wake na kazi aliyoifanya.

Mpaka mwaka 2021 hapakuwa na mawaziri. Wajumbe 12 walichagua watano miongoni mwao waingie Baraza la Utendaji, na kazi za serikali ziligawanywa kwa kamati: ya elimu, ya afya, ya mazingira na kadhalika. Mfumo huo una mvuto wake, maana kila mtu anashiriki na hakuna bwana mkubwa. Shida yake ni kwamba uamuzi hauna mwenyewe. Kamati inaweza kukubali jambo, Baraza la Utendaji likalibadili, Legico ikalikataa, na mwananchi mwenye malalamiko asijue amshike nani. Watumishi wakuu wa serikali, wengi wao wakiwa wameletwa kwa mikataba ya miaka michache, ndio waliobaki na nguvu kwa kuwa wao walijua mafaili yako wapi.

Wananchi hawakukimbilia kubadilisha. Mei 2005 waliulizwa kama wanataka katiba yenye mawaziri, na asilimia 52 na ushee wakasema hapana. Machi 2013 wakaulizwa jambo dogo zaidi, kuwa na diwani mkuu mmoja atakayechagua wenzake wa Baraza la Utendaji. Waliokataa walikuwa 158, waliokubali 42, na wengine wote wakabaki nyumbani. Jamii ya watu wachache ina hofu yake, nayo si ya kipuuzi. Ukimpa mtu mmoja cheo, ndugu yake anafanya kazi bandarini, shemeji yake anaendesha duka, na hakuna gazeti kubwa wala chama cha upinzani cha kumkodolea macho. Mwaka 2019 ikaja ripoti ya Profesa Jeremy Sarkin kuhusu utawala wa kisiwa, na kura ya ushauri ya Machi 2021, ambayo nayo iliwavuta wachache, ikaelekea upande wa mawaziri. London ikatoa Amri ya kurekebisha katiba. Uchaguzi ukafanyika tarehe 13 Oktoba 2021, na tarehe 25 Oktoba wajumbe wakamchagua Julie Thomas kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza. Cheo hicho wasomaji wa Zanzibar hawahitaji kufafanuliwa, kwani kilikuwapo kwao hadi mwaka 2010.

Waziri Kiongozi huchaguliwa na wajumbe wenzake, naye huwateua mawaziri wengine kutoka miongoni mwao. Wote kwa jumla ni watano. Fanya hesabu hapo. Watano kati ya 12 ni serikali, saba wako nje. Serikali haina wingi wa kura hata siku moja. Kila muswada na kila bajeti inabidi iwashawishi angalau wajumbe wawili ambao si mawaziri. Hao saba ndio wanaojaza kamati za kuhoji wizara, na bila yao hakuna upinzani wowote. Pale ambapo hakuna vyama, idadi hii ndiyo breki. Ingewekwa saba wa serikali na watano wa nje, mfumo wote ungekuwa mwingine.

Gavana anabaki na nini

Ofisi za serikali ziko ndani ya jengo la kale karibu na gati la Jamestown ambalo wenyewe hulitaja kwa jina la Ngome. Humo ndimo Baraza la Utendaji hukutana, na anayekiongoza kikao ni gavana. Msomaji aliyezoea gavana wa heshima tu, wa kukata utepe, atakosea hapa. Kwa kawaida gavana anapaswa kufuata ushauri wa Baraza hilo. Lakini yapo mambo ambayo katiba imeyaweka mikononi mwake: ulinzi, mambo ya nje, usalama wa ndani pamoja na polisi, na utumishi wa umma. Hata katika mengine anaweza kukataa ushauri, ila akifanya hivyo lazima aiarifu London, na mjumbe aliyepingwa anaweza kudai maoni yake yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Tuchukue muswada mmoja tuutembeze. Waziri analeta hoja kwenye Baraza la Utendaji. Ikikubaliwa, ofisi ya Mwanasheria Mkuu inauandika muswada. Unachapishwa kwenye gazeti la serikali ili watu wausome. Legico inausoma mara ya kwanza na ya pili, inaupitia kifungu kwa kifungu ikiwa imekaa kama kamati, kisha inaupigia kura. Hapo bado si sheria. Unakwenda kwa gavana, ambaye anaweza kuusaini, kuukataa, au kuuzuia kwanza mpaka Waziri wa Mambo ya Nje aseme neno. Na hata baada ya kusainiwa na kuanza kutumika, London bado ina uwezo wa kuifuta odinansi. Uwezo huo hautumiki mara kwa mara. Kwa kawaida mgongano huondolewa mapema kwenye barua na simu kati ya Jamestown na London, wakati muswada ungali rasimu. Kwa hiyo mtu anayefuatilia kura za Legico peke yake anaona nusu ya mchezo.

Mahakama ni eneo ambalo kisiwa kimejijengea heshima. Kuna mahakama ya hakimu, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, na juu kabisa kamati ya mahakama ya Baraza la Mfalme huko London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza waliwafunga Saint Helena wanasiasa watatu wa Bahrain. Rufaa ya mmoja wao ilishindwa London mwaka 1960, lakini ombi jipya lilipofunguliwa mwaka uliofuata, Mahakama Kuu ya Saint Helena yenyewe ikaona kufungwa kwao hakukuwa halali, na wakaachiwa. Katiba ya 2009 iliongeza sura ya haki za binadamu, na sasa mwananchi anaweza kumshitaki gavana au waziri kwa kuivunja.

Mwenye mfuko

Sarafu ya peni 5 ya Saint Helena ina picha ya kobe. Ni Jonathan, kobe mkubwa aliyeletwa kutoka Seychelles mwaka 1882 na ambaye huishi kwenye uwanja wa makazi ya gavana. Sarafu na noti hizo ni za kisiwa, lakini thamani yake imefungwa moja kwa moja kwa pauni ya Uingereza. Hakuna benki kuu. Ni mpango uleule wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoifunga shilingi yetu kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja: huwezi kutoa noti bila kuwa na akiba ya pauni nyuma yake. Serikali ya kisiwa, kwa hiyo, haiwezi kuchapa fedha ikikwama, wala kushusha thamani ili kusaidia wauzaji wa nje. Na noti hiyo ukifika nayo London utahangaika kumpata wa kuipokea.

Zaidi ya nusu ya fedha za bajeti ya kila mwaka hutoka Uingereza. Utaratibu wake uko hivi. Mwaka wa fedha unaanza Aprili. Miezi kadhaa kabla, wataalamu kutoka London wanakaa na wizara ya fedha ya kisiwa na kupitia mahitaji: umeme, maji, shule, matibabu, wagonjwa wanaopaswa kusafirishwa nje. Wanaafikiana kiwango cha msaada. Ndipo bajeti inaandikwa na kupelekwa Legico. Legico ina haki ya kuikataa, lakini haiwezi kuongeza fedha ambazo London haikutoa. Hapo ndipo madaraka yanapokuwa membamba kuliko maandishi ya katiba yanavyoonyesha.

Uingereza husema kwamba mahitaji ya msingi ya maeneo yake ya ng'ambo ndiyo yanayotangulia kwenye bajeti yake ya misaada. Hiyo ni sera, si kifungu cha sheria ambacho mwananchi anaweza kwenda nacho mahakamani. Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaipa Uingereza wajibu wa kuwaendeleza watu hao, lakini hakitaji pauni hata moja.

Uwanja wa ndege ulionyesha haya yote kwa mpigo. Kwa zaidi ya karne tatu na nusu, njia pekee ya kufika ilikuwa bahari. Meli ya mwisho ya abiria, RMS St Helena, ilichukua siku tano hivi kutoka Cape Town. London ilikubali kulipia uwanja kwa pauni milioni 285, na kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa mwaka 2011, serikali ya kisiwa ilikubali kurekebisha sheria za kodi, uwekezaji na uhamiaji. Mwaka 2016, uwanja ukiwa umekamilika, ndege ya majaribio aina ya Boeing 737 ilikumbana na upepo unaobadilika ghafla kasi na mwelekeo karibu na ardhi, kwa kuwa njia ya kurukia imejengwa juu ya genge linaloikabili bahari. Ufunguzi ukaahirishwa. Ndege ya kwanza ya ratiba ilitua tarehe 14 Oktoba 2017, nayo ilikuwa Embraer 190, ndogo zaidi, iliyoacha viti kadhaa wazi ili kupunguza uzito. Na ni nani aliyewahoji waliohusika? Ni kamati ya hesabu za serikali ya Bunge la London, ambamo Saint Helena haina mbunge. Fedha zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, hivyo kuhojiwa kulifanyika huko. Wakazi, ambao baadhi yao walikopa kujenga nyumba za wageni wakitarajia watalii, walisoma majibu magazetini.

Uraia na haki ya kukaa

Mwaka 1673, baada ya Waholanzi kukiteka kisiwa kwa miezi michache na Waingereza kukirudisha, Mfalme Charles II alitoa hati iliyoahidi kwamba wakazi na vizazi vyao watakuwa na haki kana kwamba wamezaliwa Uingereza. Ahadi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 300. Kisha sheria ya uraia ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ikawafanya raia wa maeneo tegemezi, wasio na haki ya kuishi Uingereza. Hofu ya London ilikuwa mamilioni ya watu wa Hong Kong, na watu elfu chache wa Saint Helena wakafagiliwa na ufagio uleule. Kilichowachoma zaidi ni kwamba wenyeji wa Falkland walirudishiwa uraia kamili mwaka huohuo wa 1983, baada ya vita na Argentina. Kanisa la Anglikana la kisiwa likaunda tume mwaka 1992, ikaichukua hati ya 1673 na kuipeleka kila mahali pa kusikilizwa. Uraia ulirudishwa tarehe 21 Mei 2002, siku ambayo kisiwa huadhimisha kuonekana kwake na Wareno mwaka 1502. Bunge ambalo hawakulichagua liliwanyang'anya na bunge hilohilo likawarudishia.

Lakini uraia ni jambo moja na haki ya kukaa ni jingine. Tangu 2009 jina rasmi la eneo hili ni Saint Helena, Ascension na Tristan da Cunha: visiwa vitatu chini ya gavana mmoja, kila kimoja na sura yake ndani ya katiba. Ascension iko kilomita 1,300 kaskazini-magharibi. Ina kiwanja cha ndege cha kijeshi kinachotumiwa na Marekani na Uingereza, na mitambo ya mawasiliano. Wengi wa wafanyakazi wake ni watu wa Saint Helena, wanaotuma mshahara nyumbani. Hakuna mwenye haki ya kukaa. Mkataba wa kazi ukiisha unaondoka, hata kama umeishi hapo miaka 30 na watoto wako wamesoma hapo. Tangu 2002 wanalipa kodi na wanachagua baraza la kisiwa, lakini baraza hilo hushauri tu. Gavana ndiye anayetunga sheria za Ascension. Ukifikiri, inafuata mantiki chungu: mtu asiye na haki ya kuwepo hawezi kudai haki ya kutawala.

Umoja wa Mataifa unaiweka Saint Helena kwenye orodha ya maeneo 17 ambayo hayajajitawala. Kumi kati ya hayo ni ya Uingereza. Kamati inayoyafuatilia ndiyo ile ambayo Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliiongoza katika miaka ya 1970. Azimio namba 1541 la mwaka 1960 linataja njia tatu za kutoka kwenye orodha: uhuru kamili, ushirika huru na nchi nyingine, au kuungana nayo. Ufaransa ilitumia njia ya tatu huko Mayotte, iliyofanywa mkoa wake mwaka 2011 na inayopeleka wabunge Paris, jambo ambalo Comoro hailikubali hadi leo. Uingereza haina mpango wa kuunganisha. Ushirika huru nao inaukataa, kwa hoja kwamba ungeiachia gharama na lawama bila mamlaka. Inabaki uhuru, ambao London inasema haitauzuia watu wakiutaka. Kwa watu 4,400 wanaotegemea bajeti ya wengine, mlango huo uko wazi kwa namna ya kinadharia.

Hata hivyo kujiamulia hakuishii kwenye njia hizo tatu. Tristan da Cunha, iliyo kilomita 2,400 kusini mwa Saint Helena, ina watu wasiofika 250 katika kijiji kimoja. Oktoba 1961 volkano ililipuka pembeni mwa nyumba zao na wote wakahamishiwa Uingereza. Maofisa walitarajia kwamba wakishaonja maisha ya umeme na ajira hawatarudi. Desemba 1962 waliulizwa kwa kura. Kura 148 zilisema turudi, tano zikasema tubaki. Mwaka 1963 walirudi, na wazao wao wapo hadi leo, wakivua kamba na kulima viazi, wakiwa na baraza lao la kisiwa na mkuu wao wa wenyeji.

Upande wetu wa bara, katika Bahari ya Hindi, watu wa Chagos hawakuulizwa. Eneo lao liliundwa kwa Amri ya Mfalme katika Baraza mwezi Novemba 1965, na kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote kupisha kituo cha kijeshi cha Diego Garcia. Waliposhinda kesi mwaka 2000, London ilitoa Amri mpya mwaka 2004 iliyotamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukaa huko. Kesi ikafika kwa majaji watano wa juu kabisa, na tarehe 22 Oktoba 2008 Amri hiyo ikathibitishwa, watatu kwa wawili. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba kuhusu mamlaka ya visiwa hivyo. Kwenye karatasi kuna sahihi za serikali mbili, na ya Wachagos haimo.